Maisha ya Dokta Leakey, Msomaji wa Mataya

Mgeni akifika nyumbani kwetu Kamachumu, huletewa kahawa ya kutafuna, ile tuiitayo akamwani. Huokota punje mbili tatu, huzitia kinywani, na mazungumzo huanza. Wengi wetu tumeitafuna tangu utoto wala hatujajiuliza ni kitu gani kichwani mwetu kinachofanya kazi ile. Basi msomaji, fanya jaribio hili dogo kabla hujaendelea. Weka vidole vya mkono mmoja shavuni, karibu na pembe ya taya, na vidole vya mkono wa pili kwenye panja, mbele kidogo ya sikio na juu yake. Kisha uma meno kwa nguvu. Utasikia vitu viwili vikivimba na kukaza chini ya ngozi. Hiyo ndiyo misuli miwili mikubwa ya kutafunia, wa shavu na wa panja. Ndani zaidi, mahali ambapo kidole hakifiki, iko mingine miwili kila upande.

Mhariri wa gazeti letu ameniomba muhula huu niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani. Nimemchagua Dokta Louis Leakey, mchimbaji wa mifupa ya kale, ambaye jina lake limo katika kila kitabu cha Historia mnachokisoma hapa shuleni. Lakini sababu iliyonifanya nimchague ni taya langu mwenyewe, kwa hiyo sina budi kuanza na hilo.

Mwaka juzi nilianza kuumwa upande wa kushoto wa uso. Wanafunzi waliokuwa Kidato cha Pili wakati ule watakumbuka kwamba nilikuwa nikifundisha huku nimeshika shavu. Asubuhi kinywa kilikuwa kizito kufunguka, na kila nilipopiga miayo nilisikia mlio ndani ya sikio kama wa kijiti kinachovunjika. Nikaenda mahali fulani kutibiwa. Pale walitazama shavu lililovimba, wakakata shauri upesi kwamba gego la nyuma limeoza kwa ndani, wakaling'oa. Gego lilikuwa zima. Maumivu yakabaki pale pale, ila sasa nilikuwa na pengo.

Hatimaye nikaandikiwa kwenda Mwanza katika hospitali moja kubwa, nikapimwa kwa mashine ya MRI. Nililazwa juu ya kitanda chembamba nikaingizwa ndani ya mfano wa pipa kubwa. Mashine ile haitumii eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi sana pamoja na mawimbi ya redio. Mwili wetu umejaa maji, na katika kila tone la maji zimo chembe ndogo za haidrojeni zilizo kama visumaku. Sumaku kubwa huzipanga, mawimbi ya redio huzisukuma, nazo zikirudi mahali pake hutoa ishara hafifu, na kompyuta huzikusanya ishara hizo ikachora picha. Mfupa mkavu hautoi ishara ya kutosha, lakini msuli una maji mengi, kwa hiyo huonekana waziwazi. Mashine hupiga kelele kama fundi bati, na mtu huambiwa asitikisike. Mara nikaambiwa niume meno, mara niachie, mara nifungue kinywa kidogo.

Baadaye daktari, mama mmoja mpole, alinionyesha picha. Msuli wa shavu langu la kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia, na mtu yeyote angeweza kuiona tofauti hiyo. Aliposikia kwamba nimetoka Kamachumu aliniuliza kama natafuna kahawa au miwa kwa upande huo. Nikamjibu kwamba kahawa niliiacha miaka mingi, na miwa sili. Akanyamaza akifikiri. Ndipo mke wangu, aliyekuwa amenisindikiza, akasema jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua: kwamba usiku nikiwa usingizini husaga meno kwa kishindo hata humwamsha. Daktari akacheka, akasema kwamba sasa picha imepata maelezo yake. Alinieleza kwamba msuli mnene huonyesha kwamba umefanyizwa kazi nyingi, lakini wenyewe hausemi ni kazi gani. Hilo hana budi kulisema shahidi mwingine.

Katika safari ya kurudi nililifikiri neno hilo, na fuvu moja likanijia akilini. Nilikuwa nimeuona mfano wake katika Jumba la Makumbusho la Dar es Salaam. Ni fuvu lenye mataya ambayo kwa miaka mingi wataalamu walidhani wamekwisha kuyasoma. Mwenye kulitangaza kwa ulimwengu ndiye Dokta Leakey.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waingereza waliofanya kazi miongoni mwa Wakikuyu. Mtoto huyu alicheza na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama mwenyeji, akajifunza kwao kutega na kunyemelea wanyama, na alipofika umri akaingizwa pamoja na rika lake katika mila zao. Alipokuwa bado kijana mdogo alijijengea nyumba yake mwenyewe, kama walivyofanya wenzake.

Siku moja alipewa kitabu kilichosimulia habari za watu wa zama za mawe. Akaanza kuokota mawe meusi yanayong'aa yaliyokuwa yakifunuliwa na mvua, akayaweka nyumbani. Watu wakamcheka. Akayachukua kwa Bwana Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, naye akamhakikishia kwamba baadhi yake yalikuwa zana zilizochongwa na watu wa kale. Tangu siku hiyo kijana alijua atakalofanya maishani. Nawaomba wazazi wasomao gazeti hili wamkumbuke Bwana Loveridge wakati mtoto aletapo nyumbani vitu vya ajabu kutoka porini.

Mwaka 1922 Leakey aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alipigwa kichwani katika mchezo wa raga, akashikwa na maumivu makali ya kichwa hata hakuweza kusoma, akaamriwa aache vitabu kwa muda. Kwa wengine huo ungekuwa mwisho wa masomo. Yeye aliitumia nafasi hiyo kuja Tanganyika mwaka 1924 pamoja na Bwana Cutler, kwenda Tendaguru katika nchi ya Lindi kuchimba mifupa ya dinosaria. Katika joto lile alijifunza kufukua mfupa bila kuuvunja, kuufunga kwa plasta, na kuandika kila kitu mahali kilipoonekana. Kisha alirudi Cambridge, akamaliza mwaka 1926 kwa kufaulu vizuri sana, na mwaka huo huo akaongoza msafara wake wa kwanza wa uchimbaji katika Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1931 alifika kwa mara ya kwanza katika bonde la Olduvai, ambalo wengi leo huliita Oldupai, kaskazini-magharibi ya kreta ya Ngorongoro. Alifuatana na Profesa Hans Reck, Mjerumani aliyekuwa amechimba hapo mwaka 1913. Reck aliamini kwamba bondeni hamna zana za mawe. Leakey aliwekeana naye sharti la pauni 10 kwamba ataiona zana kabla ya siku moja kwisha, na kweli akashinda.

Sasa nafika kwenye taya la kwanza katika maisha yake, nalo lilimletea aibu. Mwaka 1932, huko Kanam, karibu na ziwa letu la Viktoria upande wa Kenya, msaidizi wake aitwaye Juma Gitau alipata kipande cha taya la chini. Leakey alikitazama akaona kidevu kilichotokeza mbele kama chetu. Kwa kuwa udongo wa mahali pale ulikuwa wa kale mno, alitangaza kwamba hilo lilikuwa taya la binadamu wa kweli aliye mzee kuliko wote waliojulikana. Wataalamu wa Uingereza walikubali, naye akapata sifa akiwa bado kijana.

Lakini mwaka 1935 alikuja Profesa Boswell, mjuzi wa mawe na udongo, ili aonyeshwe mahali penyewe. Leakey hakuweza kupaonyesha kwa hakika. Vigingi vya chuma alivyokuwa ameweka alama havikuwapo tena, na picha mojawapo aliyoitumia ilionekana kuwa ya mahali pengine. Boswell aliporudi Uingereza aliandika maneno makali gazetini, na sifa ya Leakey ikaanguka. Tena haikuwa hiyo tu. Wataalamu waliolichunguza taya hilo baadaye walieleza kwamba kile alichokidhani kuwa kidevu kilikuwa uvimbe wa maradhi ya mfupa. Yaani alikuwa ameuona mfupa mnene, akatoa maelezo ya unene huo kabla ya kumwuliza shahidi wa pili.

Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba katika maabara lebo ni sehemu ya kitu chenyewe. Kisa cha Kanam ndicho ushahidi wangu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida. Mwaka 1936 Leakey alimwoa Mary Nicol, mchoraji hodari wa zana za mawe, ambaye baadaye alikuwa mchimbaji makini kuliko mumewe. Fedha hazikuwapo, nao walichimba wakati wa likizo. Tangu mwaka 1945 Leakey alikuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1948 Mary alipata katika kisiwa cha Rusinga, kilicho ndani ya ziwa hilihili tunaloliona sisi watu wa Kagera, fuvu la nyani wa kale sana aitwaye Proconsul, na habari hizo ziliwarudishia heshima.

Sitaki kumfanya Leakey malaika. Katika miaka ya vita vya Mau Mau alikuwa upande wa serikali ya kikoloni, na Jomo Kenyatta aliposhtakiwa Kapenguria mwaka 1952, Leakey ndiye aliyekuwa mkalimani mahakamani, mpaka mawakili wa Kenyatta wakampinga. Wengi wa wale aliokua nao walimwona kuwa amewaacha. Asomaye maisha yake na alijue hilo pia.

Ikafika tarehe 17 Julai 1959. Asubuhi hiyo Leakey alikuwa kambini Olduvai, amelala kwa homa. Mary alitoka na mbwa wake kwenda kutazama mteremko mmoja. Akaona mfupa umejitokeza udongoni, na alipopangusa aliona meno mawili makubwa yamekaa ndani ya taya la juu. Alirudi kambini mbio kwa gari. Mgonjwa akasahau homa yake, akavaa, wakaenda pamoja. Fuvu lilikuwa limevunjika vipande zaidi ya mia, wakachekecha udongo siku baada ya siku ili wavipate, na Mary akaviunganisha kwa subira kubwa. Leakey aliliita Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina la kale ambalo Waarabu waliiita pwani ya Afrika ya Mashariki, na Boise ni jina la tajiri aliyewasaidia kwa fedha.

Yeye alikadiria kwamba fuvu lile lilikuwa na miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani walipima madini yaliyomo katika majivu ya volkano yaliyolifunika, wakaona ni miaka 1,750,000. Dunia nzima ikageuza uso kutazama Tanganyika.

Sasa tazama namna Leakey na wenzake walivyolisoma fuvu hilo. Nyama ilikuwa imekwisha kuoza zamani na hapakuwa na msuli hata mmoja. Lakini msuli hauna budi kushika mfupani. Mwenye mbuzi humfunga kwenye kijiti, na mwenye fahali huhitaji kigingi kinene. Basi ukikuta kigingi, hata mnyama asipokuwapo, waweza kukisia ni mnyama gani aliyefungwa hapo. Utosini mwa Zinjanthropus ulisimama ukingo wa mfupa kutoka mbele kwenda nyuma, mfano wa kishungi. Misuli ya panja, ambayo kwetu huishia kando ya kichwa, kwake ilipanda hadi ikakutana utosini, na ukingo ule ndio uliokuwa kigingi chake. Gorila dume naye anao wa namna hiyo. Mifupa ya mashavu ilitokeza mbele na kando, ikawa pana na minene, kwa sababu ndipo msuli wa shavu uliposhika. Meno ya mbele yalikuwa madogo, lakini magego yalikuwa mapana ajabu, na gamba lake gumu lilikuwa nene.

Wataalamu wakaona picha yote: misuli mikubwa, magego mapana, gamba nene. Wakasema kwamba kiumbe huyu alikuwa akivunja kokwa na mbegu ngumu kwa meno, na jina la utani la Mpasua Kokwa likamshika. Leakey naye, kwa kuwa zana za mawe zilikuwa zimelala karibu na fuvu, alisema kwamba huyu ndiye aliyezitengeneza, na kwamba ni babu yetu.

Hapa ndipo ninapomheshimu Leakey, maana mambo mawili aliyoyafanya baadaye yaonyesha kwamba kisa cha Kanam kilimfundisha.

La kwanza, mwaka 1960 mwanawe Jonathan alipata katika bonde lilelile taya la chini la kiumbe mwingine, mwenye magego membamba zaidi na ubongo mkubwa kuliko Zinjanthropus, pamoja na mifupa ya mkono. Mwaka 1964 Leakey, pamoja na Tobias na Napier, alikiita kiumbe hicho Homo habilis, maana yake mtu hodari wa mikono, akakitaja kuwa ndicho kilichotengeneza zana zile. Zinjanthropus, aliyempatia Leakey sifa duniani, akaondolewa katika cheo cha babu yetu na mtu yule yule aliyempa cheo hicho. Mwaka huohuo wa 1964 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye macho makali kuliko wachimbaji wote, alipata huko Peninj, kando ya Ziwa Natron, taya la chini la jamaa ya Zinjanthropus. Fuvu la Olduvai lilikuwa halina taya la chini, na hili la Peninj lilionyesha linavyofanana: zito, nene, lenye magego mapana.

La pili, mwaka 1960 alimtuma binti mmoja, Jane Goodall, kwenda Gombe katika nchi ya Kigoma kukaa na sokwe na kuwatazama wanavyoishi. Wapo waliomcheka kwa kumtuma mtu asiye na shahada. Lakini Leakey alikuwa amekwisha kufahamu kwamba mifupa haisimulii mwenendo. Ukitaka kujua kiumbe hutumiaje mikono yake na mataya yake, lazima uende ukamtazame aliye hai.

Mwezi wa Januari 1965 fuvu la Zinjanthropus lilirudishwa Tanzania, likawekwa katika makumbusho ya taifa Dar es Salaam. Leakey aliendelea kusafiri na kutafuta fedha za wachimbaji vijana, ingawa mwili ulikuwa umechoka. Alifariki London kwa ugonjwa wa moyo tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Mary aliendelea na kazi mpaka akafikia kuonyesha nyayo za kale za Laetoli, naye akafariki mwaka 1996.

Mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Leakey, yaani 1973, Mmarekani aitwaye Paul Lauterbur alitangaza picha ya kwanza iliyopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio. Ilikuwa picha ya mirija miwili midogo ya maji. Mwaka 2003 yeye na Mwingereza Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mashine iliyolipiga picha taya langu imetokana na mirija ile miwili.

Wanafunzi wameniuliza kama mashine hiyo yaweza kulipiga picha fuvu la Zinjanthropus. Haifai sana, kwa sababu fuvu la kale limegeuka kuwa jiwe na halina maji. Mafuvu kama hayo huchunguzwa kwa eksirei zinazozunguka. Lakini mashine ya sumaku husaidia kwa njia nyingine. Watu walio hai hulazwa ndani yake, na misuli yao ya kutafunia ikapimwa urefu na unene. Kisha vipimo hivyo hulinganishwa na umbo la mifupa ya uso na nguvu ya meno yao. Hivyo twajifunza kwa hakika zaidi kigingi cha namna gani hufunga mnyama wa namna gani. Tena mtu aweza kupigwa picha, akatafuna au akauma meno kwa dakika kadhaa, akapigwa tena. Msuli uliofanya kazi ngumu hukusanya maji zaidi, ukang'aa katika picha kuliko ule uliopumzika. Leakey angefurahi kuona jambo hilo, maana yeye alikuwa na vigingi tu.

Je, Zinjanthropus alivunja kokwa kweli? Mwaka 2008 wataalamu walitangaza habari za meno ya jamaa yake waliyoyatazama kwa hadubini. Jino linalovunja vitu vigumu huachiwa mashimo madogo madogo, nao hawakuyaona kama walivyotazamia. Waliona mikwaruzo membamba. Wengine wakachunguza kemia ya gamba la jino, kwa kuwa chakula huacha humo alama ya mimea iliyoliwa. Alama zilionyesha kwamba kiumbe huyu alikula sana mimea ya jamii ya nyasi na ya jamii ya mafunjo, kama yale yaotayo katika mabonde yetu na kando ya ziwa. Ikiwa ni hivyo, misuli ile mikubwa haikuwa ya kuvunja kitu kimoja kigumu kwa kishindo. Ilikuwa ya kutafuna vitu vikavu vyenye nyuzi, kutwa nzima, kama afanyavyo ng'ombe. Wataalamu bado wanajadiliana, na wengine wasema kwamba huenda katika miaka ya njaa alivunja kokwa pia. Lakini jina la Mpasua Kokwa halina nguvu kama zamani.

Mwaona basi jinsi kisa cha fuvu na kisa changu vinavyofanana. Fuvu lilikuwa na misuli mikubwa, watu wakasema kokwa. Mashahidi walipokuja, yaani mikwaruzo na alama za nyasi, wakasema majani. Mimi nilikuwa na msuli mnene, daktari akadhani kahawa. Shahidi alipokuja, ambaye ni mke wangu, akasema usingizi. Daktari yule alifanya kama Leakey wa mwaka 1964: alikisia, akauliza, akakubali kurekebishwa.

Siku hizi navaa usiku kipande cha plastiki juu ya meno, na kila asubuhi nafanya mazoezi ya kulegeza taya niliyofundishwa. Maumivu yamepungua sana, na mke wangu amelala. Wanafunzi wa Biolojia, mkiniona darasani sishiki shavu tena, sababu ndiyo hiyo.

Mwakani, Mungu akipenda, twatumaini kuwapeleka baadhi yenu Olduvai. Mtakapofika pale chini mteremkoni mtaona jiwe la ukumbusho mahali Mary alipolikuta fuvu. Mkumbukeni huyo mama, na wasaidizi Waafrika waliochekecha udongo juani, na Dokta Leakey aliyekosea mara mbili mbele ya ulimwengu wote, na mara ya pili akajisahihisha mwenyewe. Yeye alikuwa na bahati, kwa kuwa kosa la jina hufutwa kwa karatasi nyingine. Gego langu halitarudi.

Mwalimu wa Biolojia